Fito za hema zimekutwa kwenye maharagwe

Jamani, naomba mnisaidie kumtuliza Wanjiru, maana simu zangu hapokei.

Kesho asubuhi mimi naye tunapanda treni kwenda milimani, siku nne za kutembea na mizigo mgongoni. Leo mchana nikasema ngoja nilijaribu hema langu, tutakalolala sote wawili, kwenye nyasi, chini ya ghorofa letu hapa mtaani Husby.

Turubai lipo, kamba zipo. Fito za kulisimamishia hazipo.

Aliyelitumia mwisho ni Wanjiru, mwezi wa tano. Nikampigia.

"Dada, nilirudisha kila kitu," akasema. "Fito nilizifunga mwenyewe."

Sikumwamini. Nikaandika kwenye kundi letu la wapanda milima, watu wote wasome, kwamba kuna wanaoazima vitu vya wenzao na kurudisha nusu.

Nikamsomea mume wangu ujumbe huo. Akakohoa.

"Ni zile fimbo za kijivu?"

"Ndiyo."

"Si uliniambia nitafute kitu cha kushikilia maharagwe?"

Nikatoka nje, kwenye balkoni. Maharagwe yangu, ninayoyamwagilia kwa mkono wangu kila siku (na macho ninayo), yamezizunguka fito za hema mpaka juu. Yameshatoa maua.

Nimeyakata yote. Nimelia kidogo, sijui ni kwa maharagwe au kwa aibu.

Ule ujumbe nimeufuta, lakini walishausoma. Wanjiru kaniandikia mstari mmoja tu: "Tutaonana stesheni, ila nakuja na hema la mtu mmoja."

Semeni ukweli, nyinyi mngenisamehe?