Mgeni wa Ndoo ya Buluu

Nakumbuka siku moja nilimwonea huruma samaki, na huruma ile ikaua wanne. Cheka tu, mwanangu. Hata mimi leo nacheka kidogo, lakini siku ile sikuwa na meno ya kuchekea.

Jana ulinipigia simu kutoka Lodwar, ukaniambia samaki wapya wa maji ya chumvi wamefika hapo hotelini kwenu kwa ndege, wazuri mno, na mkubwa wako anataka waingie tangini mara moja kwa sababu wageni wanakuja Jumamosi. Ukaniuliza, bibi, nifanyeje? Kabla sijajibu simu ikakata, mtandao wa Kakuma unaujua. Basi jibu nimeliandika. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kalamu haikuniacha. Lisome polepole.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, sijaolewa na babu yako, ambaye alikuwa akija kunywa chai mara nne kwa siku na kiu hana. Nilifanya kazi kwenye hoteli ya Hajji Nuur, hapa hapa Kakuma, hoteli ya chai, wali na nyama ya mbuzi. Hajji alikuwa Msomali wa Kismayu. Vita vilimtoa baharini vikamleta huku kwetu, ambako hata mto hupita siku mbili kama mgeni kisha ukaacha mchanga. Kwa hiyo alijitengenezea bahari yake. Tangi la kioo, refu kama kitanda, ndani mawe na samaki watano. Chumvi yake ililetwa na madereva kutoka Mombasa, si hii ya kupikia, na mimi ndiye niliyeikoroga kwenye pipa kwa mwiko wa ugali. Jua likichoma, tulilizungushia tangi magunia mabichi ili maji yasichemke. Kila alasiri, akitoka kuswali, Hajji aliketi mbele ya kile kioo na chai yake, haongei na mtu. Mteja mmoja alimuuliza anatafuta nini mle ndani. Akasema, "Naangalia nyumbani."

Samaki mkubwa, wa manjano, tulimwita Chifu, maana wenzake hawakuthubutu kula kabla yake. Hajji alikuwa naye miaka minane.

Nikwambie ukweli, kazi ile mwanzoni niliidharau. Mimi ni binti wa wafugaji. Kwetu mali ni mbuzi, ngamia, ng'ombe, na punda wa kubebea. Samaki kilikuwa chakula cha mtu ambaye wanyama wake wameisha. Nikienda nyumbani nilisema nafanya kazi ya kupika. Hilo la kuwalisha samaki nililimeza.

Halafu macho ya Hajji yakaharibika, ikabidi aende Eldoret kufanyiwa upasuaji. Kabla ya kuondoka aliniita uani, akanionyesha ndoo kubwa ya buluu yenye mashine yake ndogo ya hewa na wavu wake peke yake. Akaniambia kuna samaki mgeni yuko njiani. "Abaayo," akasema, hivyo ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, "mgeni akifika atakaa humu. Mwezi uandame, ufe, uandame tena. Hata akionekana mzima kuliko wewe." Nikasema ndiyo.

Ndiyo ya kijana, mwanangu, ni kama mawingu ya Turkana. Yanatanda, hayanyeshi.

Mgeni akashuka kwenye basi ndani ya mfuko wa plastiki. Uso mweusi, mwili wa buluu, mgongoni mstari wa manjano kama shanga za msichana anayeolewa. Nikamtia ndooni. Alijificha nyuma ya kipande cha bomba, akawa ananichungulia kwa jicho moja. Chakula hakugusa. Moyo ukaniuma. Nilijiambia, sisi kwetu mgeni akifika hatumwachi nje peke yake kama mwizi. Anapewa ngozi ya kukalia na maziwa. Waswahili nao wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikapita, na mimi samaki nimpe jembe gani? Liban, mpwa wa Hajji aliyeachiwa hoteli, akawa ananisukuma: samaki mzuri namna hii unamficha uani na kuku? Mlete watu wamwone. Siku ya nne asubuhi nikamchota, nikamtia tangini. Watu wakaacha chai zao, wakaja kumtazama. Mgeni akaanza kula siku ile ile. Nikajiona mwerevu kuliko Hajji.

Wiki haikuisha. Niliona kwanza kwenye pezi la Chifu vidoa vyeupe, vidogo, kama mtu amemnyunyizia chumvi ya mezani. Nikadhani ni uchafu. Kesho yake vilikuwa kwa wote. Wakaanza kujikuna kwenye mawe, kisha wakapanda juu, midomo wazi, wanavuta hewa kama wazee waliopanda kilima. Nikamtoa wa kwanza amelala ubavu. Kisha wa pili na wa tatu, siku moja. Hajji akapiga simu kwa Liban, macho bado yamefungwa kitambaa, akaomba kuongea nami, akauliza neno moja: Chifu? Nikamwambia anakula vizuri. Mwanangu, nimesema uongo mwingi maishani, hata kwa babu yako, lakini ule mmoja bado nina ladha yake mdomoni.

Siku ileile baba yangu, ambaye kwa lugha yetu namwita Apa, alikuja sokoni na mbuzi wa kuuza, akapita hotelini kunisalimu. Ejok, ejok, tukasalimiana. Akanikuta nalia mbele ya kioo. Siri yangu ya samaki ikaishia hapo, nikamweleza yote. Alidhani amesikia vibaya, akaniomba nirudie. Kisha akakaa juu ya kiti chake kidogo cha mti, kile wanaume wetu wanachotembea nacho, akawatazama samaki kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama mbuzi wa mtu mwingine.

"Wale mbuzi tuliowanunua kule Nadapal," akasema, "walilala wapi?"

"Nje ya boma, Apa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kikohozi. Mbuzi wa safari anaweza kuwa nacho kifuani na hakionekani."

"Ulikuwa na umri gani ulipojua hilo?"

"Mdogo. Nilikuwa nachunga watoto wa mbuzi."

"Na hawa?"

"Apa, hawa ni samaki."

"Unawalisha?"

"Ndiyo."

"Unawanywesha?"

Hapo yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika goti. Kisha akaacha kucheka. "Unawalisha, wakifa unalia, halafu unasema si mifugo. Akiru binti yangu, akili ulikuwa nayo. Umeiacha bomani kwa sababu ulidharau mnyama."

Nikajitetea. Nikamwambia mgeni alikuwa mpweke, nilimwonea huruma. Ndipo akaniambia neno ambalo leo nakupa wewe.

"Mbuzi wa Nadapal walipokuwa nje, mimi nilikuwa wapi?"

Nikakumbuka. Apa alihamisha ngozi yake ya kulalia akakaa nao huko huko nje ya uzio wa miiba, mpaka siku zao zikatimia.

"Mgeni hatengwi kwa kuchukiwa," akasema. "Huruma yako ilikuwa nzuri, ila imepita mlango mbaya. Badala ya kumwingiza yeye ndani, ungetoka wewe nje."

Akainuka, akaniamuru nimpigie Hajji nimwambie ukweli, yeye akiwa amesimama hapo hapo. Nikapiga. Hajji alisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Aliniambia dawa iko kabati gani na matone mangapi, akaniambia mawe yasiguse dawa, samaki wote watolewe watibiwe kwenye pipa, na tangi libaki bila samaki hata mmoja miezi miwili na nusu, ili kile kidudu kikose wa kumla kife chenyewe. Kisha akakata simu. Ningependa angenitukana.

Basi nikakaza mshipi. Wa nne alinifia mikononi nikimhamisha. Akabaki Chifu na mgeni, wawili ndani ya pipa, pipa limevaa magunia mabichi. Asubuhi, mchana na jioni niko hapo, nahesabu vidoa, nabadilisha maji, napima chumvi. Kiti changu nilikihamishia uani. Vitunguu nikimenya, namenyea kando ya pipa. Mle hotelini watu walikuwa wanacheka tangi tupu. Mmoja akauliza kama hayo maji yanauzwa kwa kikombe. Mwezi wa kwanza ukaisha, samaki wamekuwa safi, wanang'aa, na Liban akaanza tena: wamepona, warudishe, unatuaibisha. Nikamwambia bado. Akasema yeye ndiye mkubwa pale. Nikamwambia ukubwa wake naukubali, bado. Nikauchukua wavu nikaufunga kiunoni juu ya kanga, nikawa natembea nao, napika nao, nahudumia wateja nao. Walinipa jina Mama Wavu, na babu yako ndiye aliyelianzisha. Lakini samaki hakutoka pipani bila mimi.

Hajji akarudi zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, amevaa miwani myeusi. Hakupita mbele kwenye tangi. Alikuja moja kwa moja uani, akainama juu ya pipa, akavua miwani. Chifu akapanda juu kuomba chakula. Mgeni nyuma yake.

"Zimebaki siku ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na mbili, Hajji."

Nilingoja aseme sasa nimerudi, wahamishe. Alimwita Liban amletee kiti na chai. Akaketi upande wa pili wa pipa, mkabala na changu. Alasiri kumi na mbili tulikaa hivyo, yeye na chai yake, mimi na vitunguu vyangu.

Sasa wewe. Huruma unayo, ni ya kwetu, usiitupe. Ila mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki wapya wawe na ndoo yao, wavu wao, na kitambaa chao. Mkono uliotoka kwao uoshwe kabla haujaingia kwingine. Mwezi uandame, ufe, uandame tena, hata wakionekana wazima kuliko wewe. Mkubwa wako mpe heshima yake, mwambie wageni wa Jumamosi wataona wale wa zamani, na wapya wataonekana siku zao zikitimia. Akikasirika, mwambie bibi yako alikuwa na wavu kiunoni, na kiuno hicho umekirithi. Ukikosea usifiche, ukweli unaochelewa huzika wengi. Kisha chukua kiti chako, kiweke kando ya hiyo ndoo, ukae nao.

Nakutemea mate ya baraka juu ya karatasi hii, usifute. Maji yako yatulie. Boma lako lisisikie kikohozi. Mvua ikukute umekwisha kufunika chako. Na siku utakayokuwa mgeni mahali, ukawekwa nje ya mlango, Mungu akupe mtu wa kutoka na kiti chake akae nawe.