Kipande cha Tairi Chini ya Injini

Msinicheke, maana huku Bunda hakuna anayecheka. Mimi ni mwanagenzi kwenye kinu cha kuchambua pamba, na vipuri siku hizi havipatikani hata kwa dawa. Serikali inakiuza kinu. Asipopatikana mnunuzi, kinafungwa.

Juzi wanunuzi walikuwa njiani. "Binti, safisha injini ing'ae," aliniambia Fundi Magesa anayenifundisha kazi.

Nikasugua kama mwehu. Chini ya mguu wa injini nikachomoa kipande cha tairi kilichojaa grisi. Nikakiona takataka, lakini kandambili yangu ilikuwa imetoboka kisigino, basi nikakipigilia pale kwa misumari. Nikajiona injinia kamili.

Injini ilipowashwa mbele ya wageni, ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, mkanda ukachomoka. Wageni wakatazamana, wakaondoka bila kuaga.

Fundi akapapasa chini ya injini. "Nilikuwaga nimeweka mpira hapa. Ndio ulikuwa unaishikilia."

Wafanyakazi wote wakapiga magoti kuutafuta. Nami, mnafiki mkubwa, nikapiga magoti pamoja nao, nyayo za kandambili zikatazama juu.

Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Fundi, njoo uone."