Pasipoti Ndani ya Koti

Kisa hiki alinisimulia kwanza dada yangu, Jumapili moja baada ya ibada, mwishoni mwa miaka ya tisini, alipokuwa akisomea ushonaji hapa Durban.

Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha siku aliyokwenda ofisi ya uhamiaji kukiongezea muda. Kwa kuogopa wezi wa soko la Warwick, aliishonea pasipoti ndani ya bitana ya koti, na mkasi wa kufumulia mlinzi akamnyang'anya mlangoni. Zamu yake ilipofika, alilitandaza koti juu ya kaunta akaanza kufumua kwa kucha. Uzi ulikataa.

“Tunafunga saa sita,” karani alisema, akigonga saa yake kwa kalamu.

Mama mmoja Mkongo akapaza sauti kutoka kwenye foleni: “Binti, pasua tu! Koti iko mingi, kibali iko moja!”

Dada akauma uzi kwa meno. Karani akainama. “Wengi hujiita wanafunzi, kumbe wanauza sokoni. Nani alikushonea?”

“Mimi mwenyewe.”

Karani akaupapasa mshono mpaka mwisho, kisha akaomba mkasi kwa mwenzake. Pasipoti ikatoka, muhuri ukagongwa. Barua ya chuo aliyoileta dada hakuifungua. Ofisi huamini karatasi; siku ile iliamini uzi.

Dada yu hai. Yule mama wa foleni, aliyekuja kuwa mteja wake wa kwanza wa ushonaji, tulishamzika. Karani sina habari zake, na sipendi kukisia.