Ushuhuda wangu ulikuwa wa uongo, na kuna mama aliuamini

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa imani zote.

Uzi huu nimeuanza mara nne na kuufuta mara nne, kwa sababu kila nikiandika naona nimeanza kupamba. Safari hii sifuti. Mkikuta mahali nimejirekebisha, mjue hapo uongo ulikuwa unaingia, nimeuacha muuone.

Naanzia asubuhi niliyoondoka Zinga.

Niliamka kabla ya wenyeji wangu, nikakunja shuka, nikavaa begi mgongoni, nikatoka. Sikuwa na pa kwenda. Nilitembea kwa miguu hadi Bagamoyo mjini.

Hapana. Nilitembea kidogo tu, nikapanda bodaboda. Mnaona?

Stendi nikaingia kwenye gari lililobakiza kiti kimoja. Nilishakaa ndipo nikamuuliza konda tunaelekea wapi. Akasema Msata. Nikasema sawa, Msata.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa kutembea. Kwetu ni Kongwa, shule niliishia darasa la tano. Tangu hapo nimekaa pwani yote hii kwa vipande vipande. Nimekokota chumvi, nimekata mkonge, nimepaka rangi makanisa na misikiti. Napenda sana kuuliza. Nikimkuta mtu anafanya kitu lazima nijue kinafanywaje, chumvi inagandaje, kwa nini boti inazibwa kwa pamba, daftari la mahudhurio la mnyapara linasomwaje. Watu wananipenda kwa hilo, maana wachache wanaulizwa kazi zao.

Lakini sikai. Miezi miwili, mitatu, nimeondoka. Nilikuwa nawaambia watu ni Roho ananituma. Ukweli ni kwamba nilikuwa naondoka kabla hawajanijua vizuri.

Kuokoka nimeokoka, hilo ni kweli. Siku moja Korogwe niliingia kanisani kukwepa mvua. Nikakaa benchi la nyuma, Neno likanigusa, nikalia kidogo. Jumapili iliyofuata nikarudi bila mvua. Basi. Hakuna kingine.

Sasa, mliowahi kusali na sisi walokole mnajua habari ya ushuhuda. Mgeni anasimamishwa aeleze Bwana alimtoa wapi. Siku yangu ya kwanza kuna mmoja alinitangulia, yeye alikuwa jambazi. Mwingine alikuwa mganga, akaeleza mpaka alichokuwa anazika mlangoni kwa watu. Vigelegele, watu wamesimama. Ikafika zamu yangu, nikaeleza habari ya mvua.

Wakanipa ile amina ya adabu, ya kumruhusu mtu akae.

Kanisa lililofuata, mji mwingine, nilisimama nikasema nilikuwa teja.

Sijawahi kugusa unga maishani mwangu. Ila Tanga niliwahi kukaa na jamaa mmoja aliyekuwa anajidunga, nikamuuliza kila kitu kama kawaida yangu. Alinieleza arosto inavyokuja ukikosa dozi, mifupa inavyouma, mafua, kutapika, usingizi unavyogoma. Niliondoka Tanga sijui mwisho wake. Kwenye ushuhuda nikamtengenezea mwisho. Nikasema nilifungiwa chumbani siku tatu, nikaombewa, siku ya nne nikatoka mzima.

Wakuu, watu wakisikia tamaa za mwili wanafikiria pombe na wanawake. Hizo nazo ninazo, sijifanyi. Lakini hakuna kilichowahi kunishika kama ule ukimya wa watu hamsini wakimsikiliza mtu wa darasa la tano. Nikishuka pale mbele naitwa Mtumishi, nawekewa kiti, nakaribishwa kulala kwa mzee wa kanisa.

Halafu usiku nafsi inaniuma, natubu kwa machozi ya kweli. Nilifunga kwa ajili ya jambo hilo. Niliweka nadhiri. Jumapili mchungaji akisema tuna mgeni, miguu inasimama yenyewe.

Nilishazunguka nao makanisa sita. Nilitaka kuandika kumi na mbili.

Zinga ndiko ulikonasa.

Pale kanisani kuna mama anaitwa Mama Eliya, mjane, anauza mihogo ya kuchemsha barabarani. Mwanawe Eliya ni mtu mzima, fundi seremala aliyeharibiwa na unga. Wakati huo alikuwa na miezi mitano kwenye methadone, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi anaenda kliniki kunywa dozi yake mbele ya nesi. Alikuwa ameanza kushika randa tena.

Nilitoa ushuhuda wangu Jumapili. Jumatano jioni baada ya ibada, Mama Eliya akanifuata uso unang'aa. Akaniambia tangu Jumatatu amemfungia Eliya chumbani, kliniki haendi. Akinamama wanapokezana kuomba mlangoni, na Eliya mwenyewe alikubali baada ya kuombwa sana.

"Kesho ni siku ya nne, Mtumishi," akasema. "Tunafungua mlango kama ulivyofunguliwa wewe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakukuwa na mtu mwingine karibu, yeye tu na mimi.

Nikasema, "Amina."

Asubuhi yake ndiyo hiyo niliyowaambia, ya kupanda gari nisilolijua.

Ndani ya gari niliomba. Nikasema Bwana, sitarudia tena, nipe tu mahali papya nianze upya. Nilipofika Fukayosi nikashuka, kwa sababu niliona moshi wa chai na nilikuwa sijala. Mwenye chai anaitwa Mama Zuhura, mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, mikono myepesi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikaanza maswali yangu kuhusu mahamri yake, anaumulia nini, unga anautoa wapi. Akanijibu vizuri tu.

Kisha akauliza, "Na wewe baba, shughuli yako nini?"

Wakuu, sikuwa nimemaliza hata saa mbili tangu ile sala. Nikasikia mdomo unasema, "Mimi mama nilikuwa teja, miaka saba najidunga."

Akaacha upawa. Akanisikiliza kwa makini, na mimi nikaona raha ile ile inapanda. Nilipofika kwenye kufungiwa chumbani akanikatisha.

"Lete mkono."

Nikampa. Akaugeuza, akapandisha shati, akaangalia upande wa ndani wa kiwiko. Akaomba na wa pili.

"Kaka yangu mwisho alikuwa hana pa kuchoma," akasema. "Alihamia miguuni. Wewe mikono yako kama ya mtoto wa madrasa."

Nilimuuliza kwa sauti ndogo kaka yake yuko wapi.

Akanieleza huku anageuza mahamri. Alisema walimfungia nyumbani wakidhani ni dawa. Alikaa siku kadhaa, akatulia, akaoga, akala, wakafurahi. Wakamfungulia. Akaenda moja kwa moja kijiweni, akapiga kiasi kile kile alichozoea zamani. Mwili ulikuwa umeshasahau.

"Hakurudi. Tulikwenda kumchukua." Akanisogezea kikombe. "Kunywa chai yako. Uongo wako hauniumizi mimi. Ulikuwa unamuuzia nani?"

Chai hiyo sikuimaliza.

Nilimpigia Mama Eliya, simu ikaita haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Nikasimama barabarani kungoja gari la kurudi, na pale ndipo vita yenyewe ilipokuwa, wakuu. Lilipita la kwenda Msata kwanza. Konda akanipungia mkono, kiti kipo. Nilimwangalia mpaka akaona mimi mjinga. Sauti ndani yangu iliniambia kwa upole kabisa, mtumie meseji tu, inatosha.

Natamani niseme nilisikia sauti nyingine ikinijibu. Sikuisikia. Nilibaki nimesimama tu, gari likaenda. Baadaye likaja la Bagamoyo.

Nilifika Zinga kama saa saba mchana. Uani kwa Mama Eliya kulikuwa na akinamama watatu wa kanisa, wamekaa mkekani, wanaimba taratibu. Mlango wa chumba bado una kufuli.

Mama Eliya aliponiona alinyanyuka, macho yamejaa machozi.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," akasema. "Tumesema afungue aliyepitia."

Akaniwekea ufunguo kiganjani.

Nimewahi kusema mengi mbele za watu lakini yale maneno yalikuwa mazito kuliko gunia la chumvi. Nikasema, "Mama, mimi sijawahi kuvuta unga. Wala kujidunga. Habari ile niliichukua kwa mtu mwingine, na yeye sijui kama alipona. Eliya anatakiwa kliniki leo hii."

Kimya. Huu haukuwa na raha.

Mama mmoja akasema shetani anajaribu kuvuruga maombi, nisisikilizwe. Fikirieni, wakuu, mara ya kwanza nasema kweli ndipo naitwa sauti ya shetani.

Ndipo Eliya akaongea kutoka ndani, sauti imekauka.

"Mama, si nilikwambia? Nilimjua huyo tangu Jumapili. Teja gani anasimulia nusu saa hajajikuna hata mara moja?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akaongeza, "Ila ushuhuda wake mtamu, mama. Mpaka mimi nilitaka kuwa yeye."

Mama Eliya hakucheka. Tangu hapo hajaniita Mtumishi.

"Wewe kijana," akasema, "nilimtoa mwanangu kliniki kwa mkono wangu kwa sababu yako."

Nikasema ndiyo.

"Na Jumapili utasimama pale pale uliposimama."

Nikasema nitasimama.

Nikafungua kufuli. Nikamweleza Eliya habari ya kaka yake Mama Zuhura, hadi mwisho wake. Eliya alikuwa amekonda usoni, blanketi mabegani na jua lote lile. Nikamshika huku, mama yake kule, tukaita bajaji. Kliniki nesi alituchachafya wote, akasema hawezi kumrudisha kwenye dozi aliyoiacha, ataanza na ndogo na kupanda polepole, na asikose hata siku moja. Eliya akanywa. Mama yake akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa kanga. Sikujua niseme nini, nikanyamaza. Kwangu hilo nalo ni jambo jipya.

Jumapili nikasimama. Ulikuwa ushuhuda mfupi kuliko yote niliyowahi kutoa. Nikasema niliyosema si kweli, nikataja nani aliumia kwa ajili hiyo, nikaomba msamaha. Niliyo nayo ya kweli ni mvua ya Korogwe. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji akanishika bega, akasema nikae, tutaongea, na kweli tuliongea, mara mbili. Mzee wa kanisa niliyekuwa nalala kwake alinitaka nihame, na sikumlaumu.

Nikiwa natoka, yule ndugu mwenye ushuhuda wa ujambazi pale Zinga, maana kila kanisa lina wake, akanivuta pembeni ya ukuta. Akasema na wa kwake una sehemu moja hivi ya kurekebisha. Nikamwambia atangulie kuirekebisha kabla mtu hajaifuata.

Kilichobaki ni Eliya. Mama yake anaamkia mihogo, hawezi kumsindikiza kliniki kila asubuhi, na peke yake njiani vijiwe vinamwita kwa jina. Jumatatu nilimwendea Mama Eliya, nikamwambia nitatafuta chumba Bagamoyo mjini, karibu na kliniki, Eliya akae na mimi, niwe naenda naye. Aliosha mihogo yote kwanza. Kisha akasema, "Ukiondoka bila kuaga, nitakutafuta." Nimelichukua kama ndiyo.

Tulizunguka mji mkongwe na mabegi yetu, mimi na Eliya, tunaulizia. Nyumba ya tano, ya mawe, mlango wa zamani uliochongwa, tukamkuta bibi mmoja anachambua mchele barazani, Bi Mwanahawa. Tukamwamkia. Akaitikia, akatukagua kuanzia viatu.

"Chumba kipo," akasema. "Lakini mimi sikai na watu nisiowajua. Haya, wewe ni nani?"

Wakuu, niliusikia uongo unapanda. Nilikuwa na hadithi tatu tayari mdomoni, zote nzuri, moja hata ingemliza. Eliya alikuwa ananiangalia kwa pembeni, anangoja kuona.

Nikasema, "Naitwa Festo, bibi. Natoka Kongwa. Niliishia la tano, nafanya vibarua. Mimi Mkristo. Huyu rafiki yangu anatumia dawa kliniki, namsindikiza asubuhi."

Akangoja.

"Basi?"

"Basi, bibi."

"Utakaa siku ngapi?"

Hilo swali nimeulizwa miji mingi, na siku zote jibu langu lilikuwa mbili tatu, tutaona. Nikasema, "Mpaka daktari atakaposema huyu haendi tena." Eliya akasema inaweza kuwa miaka. Nikasema nimesikia.

Bi Mwanahawa akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akasimama polepole akishika goti.

"Njooni muone basi," akasema. "Chumba chenyewe kidogo, kama habari zako."

Ndimo ninamoandikia, wakuu. Eliya amelala kitanda cha pili. Sisemi amepona. Sisemi na mimi nimepona, maana leo asubuhi tu nesi aliniuliza tunajuanaje na huyu, nikajikuta nimeanza na "ni habari ndefu." Nikajikata, nikaanza upya. Nimejifunza kwamba vita hii haiishi siku ya nne. Inapiganwa kila asubuhi, kama dozi, na anayekosea leo bado anaruhusiwa kwenda kesho.

Mwenye la kunifokea anifokee, nastahili. Mwenye ushuhuda mdogo kama wangu wa mvua aulete hapa, nitausoma wote. Na mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua tu.