Jani la Sale kwa Mjomba Elia

Nilifunga cherehani yangu Moshi mjini kwa sababu mama aliagiza: harusi ya mdogo wangu Anjela imekaribia, na maji ya kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuna. Waasi wameanza tena.

Waasi wenyewe ni mjomba Elia na wenzake. Bei ya kahawa ilipoanguka waling'oa mibuni, wakapanda nyanya, kisha wakauteka mfereji wetu kule juu kwenye banio, maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Waliulinda kwa mapanga na mbwa mpaka baba alipoongoza kijiji kwenda kuwafurusha. Tangu hapo hawana ngome. Lakini mfereji kila ukizibuliwa, unakutwa umezibwa kwa magogo ya migomba. Hakuna aliyeona, na wote tunajua.

Kijijini kwetu Masama nilifika jua limeshapanda. Nikawakuta waasi wawili wanakunywa chai kwa mama, wanalalamikia ukosefu wa maji! Ningecheka, ila Anjela alikuwa analia jikoni. Harusi ya Kichagga bila mbege, wakwe wangetusema mpaka kwa wajukuu.

Mama akanikabidhi jani la sale. "Mpelekee mjomba wako. Akilishika tu, amesamehe. Kwetu sale halikataliwi."

"Naye anajua hivyo?"

"Ndiyo maana anakimbia."

Mchana wote nilimfukuza migombani na viatu vyangu vya mjini. Mzee wa kanisa mzima, anaruka mifereji kama mbuzi! Mwishowe akapanda mparachichi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sipo."

Hapo nilikasirika kwelikweli. Nikalifunga jani kwenye shina, nikakaa chini. Asingeweza kushuka bila kuligusa. Mkewe akaja, akatazama juu, akatazama jani, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee, kiburu chako cha ndizi na maharage kinapoa."

Alasiri njaa ilimshinda. Akateremka amelikumbatia shina pamoja na jani lake. "Haya, nimesamehe," akafoka, "lakini na nyanya zangu zipate zamu!" Nikamwahidi kwa niaba ya ukoo. Maji yakashuka, mbege ikapikwa, na Anjela akaolewa akicheka.

Asubuhi ya kurudi Moshi nilipitia mferejini. Ilikuwa zamu ya nyanya. Nikamkuta baba, mshindi wetu wa vita, amekunja suruali, anasukumia gogo la mgomba majini. Ndipo nilipojifunza kwamba hata aliyeshinda ana la kusamehe.

"Shikamoo, baba."

Alitazama kwanza mikono yangu. Alipoona ni mitupu, akaitika.