Rangi Isiyofumuliwa

Mimi ni mshonaji, na mshonaji amezoea kusamehewa. Ukikosea mkono wa blauzi unachukua kiwembe, unafumua, unaanza upya, na mwenye blauzi hatajua kamwe. Nimeishi hivyo miaka mingi hapa Butembo, katika chumba kimoja kinachotazama barabara ya vumbi. Nadhani ndiyo maana nilipoanza kujifunza kuchora kwa rangi za akriliki nilikuwa na kiburi cha mtu asiyejua ameshika nini.

Sikuanza kwa kupenda sanaa. Nilianza kwa sababu nilikuwa nimeuharibu uso wa mama yangu.

Mama alikuwa mkulima wa kakao Eringeti. Siku yeye na majirani walipowakimbia waasi, nyumba iliteketea pamoja na albamu zetu zote, hata ile ya harusi yangu, ambayo alikuwa ameniomba aitunze yeye. Alifika Beni, kwa mdogo wake anayeishi katika kata tunayoiita komini ya Ruwenzori, akiwa na sufuria moja, vitenge viwili na kadi yake ya kupigia kura. Kadi hiyo aliifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kifuani, kwa sababu huku kwetu ndiyo kitambulisho, na asiye nayo hapiti vizuizi vya barabarani. Kwenye simu yangu nina picha zake tatu. Katika zote tatu ameinua kiganja mbele ya uso, maana hakupenda kupigwa picha, nami nilikuwa nikicheka na kumwambia basi, tutapiga siku nyingine.

Alikufa kwa shinikizo la damu, kitandani, kwa mama mdogo. Watu waliokuja kutupa pole walisema tumshukuru Mungu, amekufa kitandani. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini mimi nilitamani kuwafukuza wote.

Kadi nikabaki nayo mimi, binti wa pekee. Picha yake ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na ilikuwa imeanza kufifia, lakini alikuwa ni yeye. Hata ule mstari wa paji la uso ulionekana, mfereji mdogo uliochimbwa na kamba ya kikapu, kwani mama zetu hubeba mzigo mgongoni na kamba huipitisha kwenye paji la uso, tangu usichana hadi uzee. Niliogopa picha itafutika. Hapa mjini karatasi yoyote ya maana tunaipeleka ikafunikwe plastiki kwa mashine ya moto: cheti cha ubatizo, diploma, hati ya shamba. Nikaenda kwa mwenye mashine. Aliigeuza kadi mara mbili, akaniuliza kama nina hakika, kwa kuwa karatasi ya namna ile haipendi moto. Mimi nilikuwa na wateja wananisubiri, na hasira za msiba zilikuwa bado puani. Nilimwambia aipitishe, asinifundishe mambo yangu.

Ikatoka upande wa pili laini, inang'aa, nyeusi yote kutoka pembe hadi pembe.

Niliificha miezi mingi. Lakini mwaka wa msiba ulipokaribia kwisha, familia ilipanga siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo kuna misa, kisha chakula, na karibu na mlango huwekwa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa na picha ya marehemu. Kila anayeingia husimama kwanza mbele ya picha na kumsalimu aliyekufa, ndipo husalimia walio hai. Mama mdogo alikuwa akinikumbusha kwenye simu niipeleke ile picha ya kadi ikuzwe. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwishowe nilimweleza ukweli nikiwa nimefumba macho. Akasema mikono yangu inajua kazi, niitumie.

Jirani yangu wa barabara ile ni mchoraji wa vibao vya maduka, mwanaume mwenye ndevu zilizoanza kupata mvi, ambaye pia huchora watakatifu kwa ajili ya makanisa madogo. Nilimwomba amchore mama nikimweleza kwa mdomo. Akakataa.

"Mie sikumujua," alisema. "Nitakupatia mama ya mutu mwingine. Weye njo unamubeba mu kichwa, donc weye njo utachora. Mie nitakufundisha kushika rangi tu."

Nilikasirika kuambiwa nimchore mwenyewe eti kwa kuwa mimi ndiye ninayembeba kichwani, nikaenda nyumbani, na kesho yake nikarudi.

Akanifundisha kama unavyomfundisha mtu kuingiza uzi kwenye sindano. Kwanza ubao wa tripleksi, yaani plaiwudi, rangi nyeupe mara mbili, na katikati kusugua kwa msasa hadi kiganja kisisikie kitu. Kisha sahani yenye kitambaa kibichi chini ya rangi, maana akriliki hukauka upesi na haingoji umalize kuongea na mtu. Sikumsikia. Siku ya kwanza niliiacha brashi kwenye sahani ili nimpime mteja kiuno, na niliporudi ilikuwa imekuwa kijiti. Nikaiweka kwenye maji ya moto, nikaing'ata kwa meno, wapi. Alicheka akanipa nyingine.

Kwa wiki mbili sikuruhusiwa kugusa uso. Nilichora kikombe, parachichi, kikombe tena. Kisha akanionyesha rangi ya ngozi: nyekundu, manjano, bluu kidogo sana, kisha nyeupe kwa ncha ya brashi. Tyubu nyeusi aliitia mfukoni mwake. Alisema watu wanaoanza huikimbilia, na ngozi ya mtu haina hiyo. Na kitu kimoja alikirudia kila nilipofunga sahani yangu.

"Inakaukaka nyeusi kuliko vile unaiona ikingali maji. Usiogope, na usiiguse. Ngoja siku mbili, halafu uiangalie inje, ku mwangaza."

Mama wa kwanza niliyemchora alifanana na polisi. Wa pili alikuwa na macho ya samaki wa kukaanga. Wa tatu mteja mmoja alimtazama kwa heshima, akaniuliza kama ni askofu. Nilicheka na wateja mchana, kisha nikifunga mlango nililia, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo baya: kila nilipomtafuta kichwani nilipata kiganja kile kilichoinuliwa mbele ya uso, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

Hadi siku ile mama mdogo alipokuja kutoka Beni kwa mambo ya sufuria na mahindi ya sherehe. Tangu asubuhi nilikuwa nimekataa kazi. Safari hii sikuanza na macho. Nilianza na ule mstari wa kamba, kwa sababu utotoni, nilipobebwa mgongoni mwa baba na mama akitangulia na kikapu, alikuwa akigeuka kutuangalia, na kitu nilichokiona kwanza kilikuwa kamba, kisha ngozi iliyojikunja juu yake, kisha yeye. Nikapaka mfereji, nikapaka nyusi zilizosukumwa chini na uzito, na macho yakaja yenyewe. Sijui nilifanya nini. Ningelijua ningelirudia.

Mama mdogo aliingia akiwa na mifuko mikononi. Akasimama. Akaiweka mifuko chini polepole, akarekebisha kitenge chake.

"Wasibire, yaya," alisema.

Ndivyo tunavyosalimiana mchana kwa Kinande, na yaya ni dada mkubwa. Akavuta kiti akaketi mbele ya ubao, akaanza kumpa habari: kwamba mjukuu amefaulu, kwamba kakao ya Eringeti inavunwa na watu wasiojulikana, kwamba goti bado linamsumbua. Mimi nilisimama nyuma na brashi mkononi, naogopa hata kupumua. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sikumbuki tena ilikuwaje. Ilipofika saa tisa aliondoka, maana ile njia ya Beni hatuiingii jua likishuka. Sikuupiga ubao hata picha kwa simu. Nilidhani asubuhi utakuwapo.

Asubuhi nilifungua mlango wa chumba na kumkuta amekuwa mweusi. Mashavu yameiva, macho yamerudi ndani, mfereji wa paji umezama usionekane. Ilikuwa ni ile kadi. Nilirudi pale mbele ya mashine, nikanusa hata ile harufu ya plastiki ya moto. Ningependa kuandika kwamba nilisahau maneno ya fundi wangu wa kuchora. Sikuyasahau. Niliyasikia kama redio ya jirani, na mkono wangu ukawa tayari umefungua tyubu nyeupe.

Nikalitia shavu moja mwanga. Shavu likazidi paji, nikalipandisha paji. Paji likayafanya macho yaonekane ya kizee mno, nikayagusa macho. Ndivyo ninavyofanya na sketi: napunguza kulia, napunguza kushoto, mwisho inakaa. Mteja wa kwanza alipobisha hodi, mwanamke mnene, mweupe, asiye na mzigo wowote maishani alikuwa ananitabasamia.

Nilichukua kitambaa chenye maji nikamfuta. Hakufutika. Akriliki ikishakauka imekauka. Nikasugua hadi kitambaa kikachanika. Mwishowe nikachukua kiwembe changu, kile cha kufumulia, nikakwangua kidevuni, na kilichotokea chini hakikuwa mama, ilikuwa rangi nyeupe ya ubao, kisha mbao yenyewe.

Fundi alipokuja hakunigombeza. Alibeba ubao akautoa nje, akauinamisha juani. Kuna mahali pamoja tu ambapo sikuwa nimepaka upya, nalo ni sikio la kushoto. Pale nje, kwenye mwanga, sikio lile halikuwa jeusi hata kidogo. Lilikuwa na joto, na wekundu kidogo pembeni, kama masikio yake alipokuwa anatoka kwenye moshi wa jikoni. Fundi aliligusa kwa kidole.

"Ulikuwa umemaliza, mama," alisema.

Zilibaki siku kumi na moja kabla ya kuondoa kilio. Nilichora mbao nyingine nne. Nilianza na kamba, nilianza na nyusi, nilifumba macho, nilisali rozari. Hakuja tena. Siku ilipofika nilipaka tena rangi pale kidevuni, nikafunga ule ubao wa sikio katika shuka nikapanda nao gari hadi Beni, kwa kuwa katika zote ndio pekee uliokuwa na kitu chake.

Watu waliingia, wakasimama mbele ya meza, wakasalimu kwa adabu. Wengine walinisifu. Shangazi zetu wa Mavivi walisema nimejichora vizuri, na kwamba ni jambo jema mtu kufanana na mama yake. Nilishukuru. Moyoni nilikuwa nikisema kwamba wajukuu walio pale wataukumbuka uso huu, na watakapokuwa wazee watawaambia watoto wao hivi ndivyo alivyokuwa, na kwamba nimemfuta mara mbili, zote mbili nikiwa na haraka ya kumwokoa.

Mama mdogo alikuja wa mwisho. Aliutazama ubao, na hakusalimu.

"Ile nilisalimia iko wapi?"

"Iko chini ya hii, mama mudogo," nilisema.

Nilimwonyesha sikio kwa kidole, nikamwambia ni hapo tu ambapo sikugusa.

Mama mdogo ana goti bovu, na kuinama kwake ni kazi. Alishika ukingo wa meza, mshumaa ukatikisika, akainama hadi mdomo wake ukakaribia ubao. Akamsalimu dada yake hapo, kwenye sikio, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyesimama kando yake sikuisikia vizuri. Alikaa hivyo kwa muda, akiongea. Watu waliokuwa mlangoni walisubiri apite.