Mtaro wa Nyuma ya Nyumba

Mama yangu aliteka maji bondeni Ruvuma tangu utoto wake hadi alipoanza kuota mvi. Wanawake wa Newala wa wakati ule waliteremka ukingo wa uwanda wetu wa juu alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mvua iliponyesha, kila chombo kilitegwa chini ya paa, hata sufuria ya ugali. Aliyeacha maji yapotee ardhini alisemwa kama mtu aliyemwaga chakula.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuchora ramani Masasi, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nilimwomba Mungu nyumba iliyo karibu na maji, nimlete mama. Mungu alinijibu. Serikali ilikuwa imeamua kuvunja vibanda vilivyosongamana kando ya mto upitao hapo mjini na kuupanga upya ukingo ule, uwe na soko, barabara zilizonyooka na nyumba za wafanyakazi.

Bwana mpimaji alipima kwa darubini yake, nami nikachora. Yalikuwapo maji ya namna mbili ya kuogopa. Kwanza mto wenyewe, ambao tuliuzuia kwa tuta la mawe na udongo lililopita kimo cha mtu. Kisha yale yanayoporomoka kutoka kwenye majabali yaliyo juu ya mji. Hayo hayazuiliki, hupewa njia. Barabara tukazipa mgongo ili maji yashuke kando, na nyuma ya nyumba tukachimba mtaro mpana wa kuyapeleka hadi chini ya mji, yaingie mtoni mbali na watu.

Nikapewa nyumba ya matofali mabichi katika safu ya kwanza, nikahamia na mke wangu. Mama akakaa chumba cha nyuma pamoja na binti yetu mdogo, aliyepewa jina la bibi yake. Hawakuachana. Mama alimwita somo, na mtoto naye akamwita bibi yake somo, tukawa tunacheka.

Mvua za kwanza zilipokuja, nilirudi kutoka kazini jioni moja nikamkuta mama amesimama nyuma ya nyumba, miguu imejaa tope, uso unang'aa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Njoo uone bwawa langu.”

Alikuwa ameuziba mtaro kwa vigogo vya mgomba na udongo wa kichuguu, kama wanavyoziba vishimo vya mvua kule kwetu. Maji yalikuwa yametuama, na majirani wanachota.

“Mama, huu ni mtaro wa serikali. Maji lazima yapite.”

“Yapite yaende wapi? Yana safari gani?”

Wanawake wakaangua kicheko. Wengi wao walitoka huko huko uwandani, Chilangala na Makote. Mmoja akaniambia, “Baba, umesoma mpaka unaogopa maji! Mtu wa Newala akikimbia maji, basi hata kuku atakimbia mtama.”

Nilichukua jembe nikabomoa mbele yao, nikawaeleza habari ya majabali. Mama aliyatazama maji yakienda mpaka ya mwisho, kama anayemsindikiza mtu.

Wiki iliyofuata nilitumwa Newala kupima viwanja. Nikiwa huko, mama alilijenga tena lile bwawa, safari hii kubwa, na mke wangu akamsaidia kubeba udongo. Naye alikuwa binti wa uwandani, shingo yake iliujua mtungi. Walitaka nirudi nikute maji masafi yametulia, nishindwe kubishana.

Mvua kubwa ilipiga majabali mchana mmoja. Mke wangu alikuwa shambani kwenye mikorosho. Mama alikuwa ameitwa kwa jirani aliyeumwa, akamwacha somo wake amelala. Maji yalikuta njia imezibwa, yakajaa, yakageukia ukuta wa nyuma. Matofali mabichi yakilowa hayana nguvu. Chumba kile kiliporomoka chote.

Nilifika wamekwisha kumzika binti yangu. Watu wote walisema mto umepanda, umevuka tuta. Hakuna aliyefikiri vingine, kwa kuwa kwetu maji yaliyotegwa hayajawahi kumdhuru mtu. Nilikwenda kutazama. Tuta lilikuwa zima, na alama ya maji ya mto haikufika hata nusu yake.

Mama alinifuata pale. Akaniuliza, “Mwanangu, maji yale yalitoka wapi?”

“Ni mapenzi ya Mungu, mama.”

“Mungu nitamuuliza mwenyewe. Sasa nakuuliza wewe uliyechora.”

Nikamwambia kweli. Nilimwonyesha kwa mkono, kutoka majabalini hadi kwenye vigogo vya mgomba vilivyokuwa bado vimebana mtaroni. Alikaa chini kwenye matope. Nilidhani atapiga yowe, hakupiga. Akasema, “Mkeo asijue. Udongo ule aliubeba yeye. Mimi nimeshazeeka, nitaubeba huu mpaka kaburini, hauna mwendo mrefu. Yeye bado ana watoto wa kuzaa.”

Nilimwahidi. Tukavitoa vile vigogo pamoja, yeye na mimi.

Mama alikufa kabla ya Uhuru. Mungu alitujalia watoto wengine, namshukuru kwa kila mmoja wao, na mke wangu aliwalea kwa upendo. Lakini kila mwaka mvua ilipoanza aliacha kazi aliyokuwa nayo, akanigeukia. Kwa miaka mingi hakuchoka kuniuliza, wala hakuniuliza kwa hasira.

“Mume wangu, lile tuta lenu. Hamkuweza kuliongeza hata kidogo?”

“Tulikosea vipimo,” nilimjibu. “Lilikuwa fupi.”

“Mngeongeza kidogo tu.”

“Ndiyo, mke wangu. Kidogo tu.”

Ndipo aliponisamehe, kila mwaka upya, akanishika mkono, tukamwombea mtoto wetu.